Ukumbi wa mgahawa uliopambwa kwa vitu vya zamani mjini Mwanza: uzuri wake unatoka wapi?

Mkazi wa Nyamanoro ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Katikati ya jiji letu la Mwanza, katika ile mitaa yenye majengo ya zamani ya maduka karibu na bandari, kuna mgahawa mmoja ambao ukumbi wake umenishughulisha akili kwa muda mrefu. Sitautaja jina, kwa kuwa sikuja kuutangaza. Nimekuja kuuliza juu ya kazi iliyofanyika ndani yake, nikiamini kwamba humu wamo mafundi, wasanifu na wazee wanaoweza kunieleza kwa nini kazi ile imefanikiwa kiasi kile.

Jengo lenyewe lilikuwa duka. Waliolikarabati hawakuung'oa mlango wa mbele wa mbao, ule unaokunjwa ubao kwa ubao mpaka uwazi wote wa mbele ubaki mtupu, na kaunta ndefu ya muuza duka wameiacha pale pale ilipokuwa, ila sasa juu yake husimama mitungi ya vioo yenye kashata, karanga na visheti. Pembeni mwa kaunta ipo mizani ya shaba yenye sahani mbili na mawe yake, nayo haikuwekwa kwa ajili ya kutazamwa tu, kwa maana kahawa ya Kagera inayouzwa kwa wanaotaka kwenda nayo nyumbani hupimwa humo mbele ya macho ya mteja. Sakafu ni ile nyekundu ya saruji, iliyosuguliwa kwa nta mpaka inarudisha mwanga wa dirisha. Kuta zimegawanywa sehemu mbili: kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani iliyokolea, na kutoka hapo kwenda juu ni nyeupe ya maziwa, mtindo ambao kila aliyesoma katika shule zetu za zamani au kulazwa katika hospitali za wilaya ataukumbuka. Viti ni vya mbao, vimesukwa kwa henzirani mahali pa kukalia, na meza ni za mvule, nzito, zisizotikisika.

Juu ya kila meza imening'inizwa karabai, ile taa ya pampu ambayo wavuvi wa dagaa walikuwa wakitoka nayo ziwani usiku wa giza, na ndani yake imewekwa balbu ndogo ya mwanga wa manjano. Ukutani zimo picha za studio za rangi nyeusi na nyeupe: maharusi waliosimama wima mbele ya pazia lililochorwa bustani, vijana wenye suruali pana miguuni wakiegemea redio, mama aliyempakata mtoto huku mkono wenye saa akiwa ameuelekeza kwa makusudi upande wa kamera. Picha hizo ndizo zinazonikalisha pale hata baada ya chakula kwisha.

Sasa nauliza hivi. Nimeingia katika migahawa mingine, hapa kwetu na katika miji mingine, yenye vitu vya zamani vingi kuliko hivi, yenye gramafoni, simu za kuzungusha, mashine za kuchapa na hata baiskeli zilizotundikwa darini, lakini sikuguswa. Nilihisi nimeingia ghalani. Ni kitu gani kinachoufanya ukumbi mmoja wenye vitu vya zamani uwe na uhai, na mwingine usiwe nao? Nauliza pia kwa haja: mama yangu mdogo ana mgahawa wa samaki upande wa Igombe, unaotazama ziwa, na ameniomba nimsaidie kuukarabati. Hatuna fedha za kutapanya. Ningependa kuelewa kwanza kabla sijanunua hata kiti kimoja.

---

Seremala wa Kirumba amejibu:

Ndugu yangu, nitasema kwa upande wa mbao, kwa kuwa huko ndiko mikono yangu iliko.

Mgahawa unaousimulia naufahamu, na meza zile nimezipapasa kwa chini, mahali ambapo mteja hatazami. Zimeungwa kwa ulimi na tundu, bila msumari, na kila ulimi umefungwa kwa kigingi cha mbao. Fundi aliyezitengeneza alikuwa anashindana na mti mgumu, kwa sababu mvule una nyuzi zinazopishana, na ndani yake mara nyingi hujificha mawe madogo meupe ya chokaa ambayo mti wenyewe huyaumba, nayo hula meno ya msumeno na kuumega ukali wa randa. Vumbi lake pia huwasha pua na kifua, hivyo mtu asiupige msasa bila kujifunika. Mbao iliyopita katika taabu hiyo ikatoka imenyooka, na baada ya miaka mingi bado haijapinda, huwa na heshima ambayo huwezi kuipaka juu ya mbao nyingine kwa vanishi. Kingo zake zimelainishwa na viganja vya watu, na karibu na mahali pa kukalia rangi yake imekolea zaidi. Waliokarabati ukumbi ule walikuwa na busara ya kutoziranda upya. Walizisafisha, wakazipaka mafuta, wakaziacha na alama zake.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Huletwa kwangu mbao mpya kabisa, nikaombwa nizipige kwa minyororo, nizitoboe kwa misumari na kuzifukiza moshi ili zionekane za zamani. Kazi hiyo siifanyi. Mbao mpya iliyotengenezwa vizuri itazeeka yenyewe, na wateja wako ndio watakaoizeesha.

Kwa Igombe, usihangaike kutafuta meza za mvule madukani, kwani mvule umekuwa adimu na bei yake haishikiki. Tembea kwenye mialo. Mitumbwi iliyostaafu hulala mchangani mpaka inaoza au kuchanjwa kuni, na mbao zake nyingi ziko imara bado. Ina matundu ya misumari, ina alama za pale maungio yalipozibwa kwa pamba ili maji yasiingie, na mara nyingine imebaki na mistari ya rangi ambayo mwenye chombo aliichagua. Nunua kwa wenye vyombo, kwa makubaliano ya wazi. Kisha uwe na subira: zioshwe kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja ili harufu ya samaki na mafuta yake itoke, zikaushwe kivulini zikiwa zimepangwa kwa nafasi ili hewa ipite, wala zisianikwe juani, maana zitapasuka. Misumari yote itolewe kabla ya randa. Kwa kumalizia, epuka ile polishi ya shelaki inayong'arisha makabati ya sebuleni. Kikombe cha moto huiachia duara jeupe, na pombe huiyeyusha. Meza ya mgahawa inataka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yapakwe mara kadhaa na kufutwa vizuri. Na matambara uliyofutia usiyarundike pembeni, yatandaze nje yakauke, kwa sababu yakirundikwa huweza kupata joto na kushika moto yenyewe.

Jambo moja zaidi, kwa wote wanaopenda milango ya kuchongwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Ukiletewa mlango wa namna hiyo umeng'olewa mahali, usifurahie bei. Uliza umetoka wapi.

---

Msanifu wa Isamilo amejibu:

Seremala amesema kweli tupu kuhusu mbao. Mimi ningependa tuutazame ukumbi wenyewe kabla ya vitu vilivyomo, kwa sababu naamini nusu ya uzuri anaousimulia mwuliza swali ulikuwapo kabla karabai ya kwanza haijatundikwa.

Majengo yale ya maduka yalijengwa na watu walioijua hali ya hewa ya hapa. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jua lake ni kali lakini hewa ya kivulini ni ya kupendeza, na mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, kisha usiku hugeuka. Ndiyo maana dari zilipandishwa juu, matundu ya hewa yakaachwa karibu na dari, na mbele pakawekwa baraza lenye paa. Hewa ya moto hupanda na kutoka, ya baridi huingia kwa mlangoni. Mtu anapoingia kutoka juani, mwili wake hutulia kabla macho hayajaanza kutazama picha, naye hudhani kwamba ni picha zilizomtuliza. Ukichukua vitu vyote vya mgahawa ule ukavipanga katika chumba cha dari fupi chenye madirisha ya vioo yasiyofunguka, utapata kile kile ulichokiita ghala.

Hata vifaa vya ujenzi vina mantiki yake ya mahali. Kabla reli ya kutoka Tabora haijafika Mwanza mwaka 1928, bidhaa nyingi za kutoka nje zilikuwa zikipitia Kisumu, mwisho wa reli ya Uganda, kisha kuvushwa ziwani kwa meli. Mtu hakuagiza kitu kizito bila sababu. Vile vigae vya saruji vyenye maua ambavyo bado vinaonekana katika vizingiti vya maduka ya zamani havikuchomwa tanuruni: rangi iliyochanganywa na saruji laini ilimiminwa ndani ya kalibu ya shaba yenye umbo la ua, ikafunikwa kwa mchanga na saruji kavu, ikagandamizwa kwa nguvu, kisha kigae kikaachwa kipate unyevu mpaka kikomae. Kwa kuwa rangi imeingia ndani kwa unene wa milimita kadhaa, kigae huchakaa miaka na miaka bila ua lake kufutika. Ndiyo maana nasikitika ninapoona watu wanavibomoa ili waweke vigae vya kuteleza vilivyochapwa picha ya mbao.

Kuhusu ugawaji wa ukuta, rangi ya mafuta ilipakwa chini kwa sababu huko ndiko kunakochafuka: migongo ya viti, viatu, mikono ya watoto, matone ya ufagio wa maji. Huoshwa kwa kitambaa ikaisha kazi. Juu huwekwa rangi nyeupe isiyong'aa ili irudishe mwanga kwa upole. Kwa hiyo mstari ule wa kiunoni unaopendeza macho ulitokana na kazi ya kusafisha, na katika ukumbi wa chakula unaendelea kuifanya kazi hiyo. Nadhani jibu la swali lako liko hapa. Katika mgahawa ule karibu kila kitu cha zamani bado kina kazi: mlango unakunjwa asubuhi, mizani inapima kahawa, kaunta inauziwa, feni inazunguka, karabai inaangaza meza. Baiskeli iliyotundikwa darini haiendi popote.

Sasa mwanga. Hili ndilo ningeanza nalo Igombe, kwa sababu ni rahisi na linabadilisha mengi. Balbu zinazouzwa sana kwetu ni zile nyeupe kali za Kelvin 6500 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga), ambazo humfanya samaki aliyekaangwa vizuri aonekane mgonjwa na uso wa mteja uonekane umechoka. Tafuta za Kelvin 2700 au hata 2200, ambazo ziko karibu na rangi ya moto wa taa ya mafuta. Kisha uziteremshe. Taa ikiwa darini huangaza vichwa vya watu. Ikiwa chini kidogo, juu ya meza, huangaza sahani na mikono, na pembe za ukumbi hubaki na giza la kiasi ambalo humfanya kila mteja ajione yuko sehemu yake.

Na usisahau masikio. Sakafu ya saruji, kuta ngumu na dari ya zege vikikutana, sauti hugonga na kurudi mpaka watu wanapigiana kelele kwa umbali wa sahani moja. Katika ukumbi ule kuna dari ya mbao, mapazia mazito na mito ya viti iliyofunikwa kitenge, na ndiyo maana watu huzungumza kwa utulivu. Ninyi mnaweza kuweka mikeka ya ukindu ukutani na chini ya dari. Itaonekana ni pambo, nayo itakuwa inanyonya sauti.

Mwisho, kwa kuwa mko ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zinazoweza kudhuru mazingira yake. Wasilianeni na halmashauri kabla ya kuongeza hata ukuta mmoja. Tena mnakumbuka jinsi ziwa lilivyojaa mwaka 2020 na kuingia katika nyumba na biashara za watu. Kitu chochote cha mbao kinachogusa ardhi kiinuliwe.

---

Mwalimu Mstaafu, Bwiru amejibu:

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Naomba kuongeza jambo ambalo halihusu vipimo.

Ukisema utapamba kwa vitu vya zamani, lazima ujiulize ni zamani ya nani. Nimewahi kukaa katika hoteli moja, siyo ya hapa, iliyopambwa kwa kofia ngumu za mabwana wa kikoloni, vichwa vya wanyama na picha za safari za uwindaji, na wahudumu wamevishwa kanzu nyeupe na mikanda myekundu ya boi wa nyumbani. Kila kitu kilikuwa safi na cha gharama. Sikuweza kula kwa raha. Mtu wa umri wangu anajua ni nani aliyekuwa ameketi na ni nani aliyekuwa amesimama katika picha ile.

Mgahawa wa pale mjini umechagua kwa namna nyingine kabisa, na ndiyo maana mimi naupenda. Itazameni tena ile mizani. Kwa watu wa Usukuma mizani haikuwa kifaa cha dukani tu. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja katika kupima, na malalamiko hayo ndiyo yaliyowakusanya wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vya ushirika, mpaka mwaka 1955 likasimama shirikisho kubwa la vyama vya ushirika la Victoria. Paul Bomani, aliyekuwa mbele katika kazi hiyo, baadaye akawa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Kwa hiyo mhudumu anapoweka jiwe upande mmoja na kahawa upande wa pili, huku mteja akiona sindano imetulia katikati, mimi naona haki ambayo baba zetu waliidai. Sijui kama wenye mgahawa waliwaza hivyo. Wazee wanaoketi pale wanaliona.

Na zile picha. Nani asiyekuwa na moja kama hizo nyumbani? Kwenda studio ilikuwa safari. Nguo zilipigwa pasi ya mkaa, viatu viliazimwa, na redio iliyoegemewa mara nyingi ilikuwa ya mpiga picha mwenyewe, kwa sababu kila kijana alitaka kuonekana na redio. Ningewashauri wenye mgahawa jambo moja: waweke daftari kaunta, wazee waandike majina ya wale wanaowatambua. Mtu aliyepigwa picha akiwa amevaa vizuri hivyo hakukusudia kuwa pambo lisilo na jina.

Wewe mwanangu wa Igombe, usinunue zamani ya watu wengine. Muulize mama yako mdogo amefungia nini katika masanduku yake ya bati. Nina hakika atatoa vitambaa vya kochi alivyovifuma kwa sindano, sahani nyeupe za bati zenye ukingo wa buluu, birika, chupa ya chai yenye maua, huenda na picha ya kwanza aliyopigwa na mumewe. Mgahawa wenu unatazama maji, basi zamani yake ni ya maji pia: nyavu, makasia, ngazi za bandarini, tiketi za meli. Sisi tuliosafiri kwenda Bukoba kwa MV Victoria, meli iliyotengenezwa Scotland kwa vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961, tunakumbuka viti vyake virefu vya mbao na taa zake za duara zilizofungwa ndani ya vikapu vya chuma. Fundi mzuri anaweza kutengeneza benchi la namna ile akiwa hajaiba kitu melini.

Ila nawaomba kwa moyo wangu wote, mambo ya ajali ya MV Bukoba ya mwaka 1996 yasigeuzwe mapambo. Kuna familia nyingi hapa ambazo bado zinaomboleza.

---

Fundi Umeme amejibu:

Nitasema kwa kifupi kuhusu karabai, maana nimeshazigeuza nyingi kuwa taa za umeme tangu wavuvi walipoanza kuhamia taa za sola na betri.

Kwanza, tangi lioshwe mpaka harufu ya mafuta ya taa iishe kabisa kabla hujalitoboa kwa drili, kwa sababu mvuke uliobaki unaweza kulipuka. Pili, kwa kuwa mwili wote wa taa ni wa chuma, waya wa ardhini ni wa lazima, hasa ufukweni ambako kuna unyevu. Tatu, tumia balbu za LED tu. Ile kofia ya juu huhifadhi joto, na balbu ya zamani ya waya itayeyusha kishikio. Kile kifuko cha nyuzi kinachowaka ndani ya karabai, kikiwa cha zamani, kiondolewe kwa uangalifu bila kukipondaponda, kwani vingi vilitiwa thoriamu, madini yenye mionzi, na vumbi lake halifai kuvutwa. Kama kioo kimepasuka au kofia imeliwa na kutu, mafundi wa bati wa Makoroboi, pale ambapo taa za koroboi zilikuwa zikifuliwa kwa makopo, wataitengeneza vizuri.

Naunga mkono mwanga wa manjano kwa sababu nyingine pia, ambayo watu wa Igombe wataielewa. Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi juu ya maji hufuata zaidi mwanga mweupe wenye ubuluu. Mwanga wa manjano huwavuta wachache, na chakula cha wateja husalimika.

---

Mkazi wa Nyamanoro amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nawashukuru nyote, na wewe dada msanifu nakushukuru zaidi kwa kunionyesha kwamba nilikuwa natazama picha bila kutazama dari.

Nimezungumza na mama mdogo. Masanduku ya bati ni mawili, na mojawapo halijafunguliwa tangu mjomba alipofariki, kwa hiyo tutalifungua kwa wakati wake yeye mwenyewe atakapokuwa tayari. Tumekubaliana tuanze na balbu na mikeka, kisha sakafu, halafu meza mbili za mbao za mitumbwi tuone zinavyokuwa. Sakafu iliyopo ni ya saruji tupu, imepasuka nyufa ndogo, na yeye anataka ile nyekundu aliyokuwa akiisugua utotoni kwa kifuu cha nazi. Je, mafundi wa sasa bado wanaijua?

---

Mjenzi wa Buswelu amejibu:

Tunaijua, ingawa hatuombwi mara nyingi siku hizi, na wengi walioijua vizuri wamekwisha kustaafu.

Nyufa ndogo zisifunikwe tu. Zipanuliwe kidogo kwa patasi, zisafishwe, zizibwe, na sakafu yote ikwaruzwe na kuloweshwa ili tabaka jipya lishike. Rangi nyekundu ni unga wa oksaidi ya chuma, ambayo kwa hakika ni ndugu wa kutu, na kwa sababu hiyo haipaukii juani. Uchanganye na saruji ingali kavu, uuchekeche kwa chujio mpaka rangi iwe moja, na usizidishe asilimia 10 ya uzito wa saruji, kwa kuwa ukizidisha sakafu inakuwa dhaifu na huacha wekundu miguuni mwa watu. Changanya mara moja kiasi cha kutosha chumba kizima, maana ukirudia kuchanganya kesho rangi haitafanana na ya jana. Gawanya sakafu kwa mistari, mraba kwa mraba, ili ikitaka kupasuka ipasuke kwenye mstari.

Ilainishwe kwa mwiko wa chuma ikiwa imeanza kushika, tena na tena, bila kunyunyizia saruji kavu juu yake. Hapo mwiko ndio unaoleta mng'ao, nta huja kuulinda tu. Baada ya hapo ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, yamwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na mgahawa ufungwe muda huo wote, hata kama wateja wanagonga. Nta isipakwe mapema. Acha sakafu ikauke wiki tatu au nne mpaka mabaka ya unyevu yaishe, kisha mama apake nta nyembamba kwa kitambaa na kuisugua kwa kifuu chake. Mahali pa kuingilia kutokea ufukweni msipake nta kabisa, kwa sababu watu watakuja na miguu yenye maji na watateleza. Hapo tutaipitisha brashi ngumu saruji ikiwa bado mbichi ili iwe na mikwaruzo. Nikipata vipimo vya chumba naweza kukukadiria mifuko ya saruji na kilo za rangi.